Wageni wa Kidole Gumba

Niliota usiku wa jana kwamba kidole gumba changu cha kulia kimenipangisha nyumba. Habari za kodi hakikuzigusa. Kilifunguka tu pale penye ukucha, kikaniambia, "Ingia, Mbaruku, lakini vua viatu. Humu ndani pameshavimba vya kutosha."

Nikavua viatu, nikaingia.

Ili nisije nikadhaniwa nina wazimu wa kuzaliwa, nieleze kwanza kilichotangulia usingizi. Mimi na shangazi yangu Mize tunatengeneza sambusa, hapa hapa Tanga, Ngamiani. Yeye anakaanga, mimi nakunja. Na asiyewahi kukunja sambusa hajui kwamba kazi yote ni ya kidole gumba: ndicho kinachoushikilia mfuko wazi nyama iingie, ndicho kinachobana pembe, ndicho kinachopaka uji wa ngano mdomoni ili kitu kisije kikafumuka ndani ya mafuta moto. Vidole vingine vinasindikiza tu, kama ndugu wa bwana harusi.

Sasa juzijuzi nilikuwa nachambua samaki changu wa kuchemsha, kwa ajili ya sambusa za samaki, mwiba ukanichoma. Nikacheka. Mwiba wa samaki aliyekwisha kufa, akapikwa, akatiwa ndimu, utanifanya nini? Ukanifanya. Kidole kikavimba kama andazi, kikawa chekundu, kikaanza kupwita kana kwamba kimemeza moyo wa pili. Jana jioni shangazi akanikokota mpaka zahanati. Daktari Mhando alikitazama, akanipa vidonge, kisha akachukua kalamu ya wino wa bluu akachora mstari kuzunguka shina la kidole.

"Wekundu ukiuvuka mstari huu kabla ya asubuhi," akasema, "napasua. Na nikipasua nikakuta uozo umefika mfupani, Mbaruku, utajifunza kukunja kwa mkono mwingine."

Njia nzima ya kurudi nyumbani shangazi hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa, maana shangazi yangu hata akiwa na maji mdomoni huwa ana la kusema.

Basi, nikaingia kidoleni.

Ndani palikuwa na mtaa. Vichochoro vyembamba, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, zote za rangi ya waridi, na joto kama la jikoni kwetu mafuta yakishachemka. Mahali fulani mtu alikuwa anatwanga kinu bila kupumzika, du, du, du, na kila akitwanga mtaa mzima unaruka kidogo. Nikautazama mkono wangu wa kulia. Una vidole vinne. Pale pa gumba pamebaki laini, kama hapajawahi kuwa na kitu. Sikushangaa. Mtu hawezi kuwa ndani ya nyumba na wakati huo huo akawa ameibeba mkononi.

Nikaingia katika nyumba niliyopangishwa, nikakaa kwenye kigoda. Nyumba ilikuwa nadhifu, kuta zake zina maji maji. Sijapoa vizuri, nikasikia nje:

"Hodi."

Sauti laini, ya mtu aliyefunzwa akafunzika. Nami nimelelewa na Mize binti Kombo, ambaye anaamini kwamba nyumba isiyoitika hodi ni kaburi lenye bati. Sikufikiri hata.

"Karibu," nikasema.

Akaingia bwana mmoja mwembamba, suti, viatu vimeng'aa, mwavuli mdogo kwapani. "Ahsante sana," akasema. "Nina wenzangu."

Mgeni akija na wenzake utafanyaje? Nikasema karibuni. Wakaingia wengine, wote wamefanana naye mpaka kwenye mkunjo wa suruali, wakatimia saba. Hawakuomba maji. Walikwenda moja kwa moja ukutani, wakashikana mikono, wakafanya duara kama watoto wanaocheza uwanjani. Ukuta uliokuwa katikati ya duara lao ukaondoka. Palikuwa na ukuta, sasa pana tundu, na maji ya nyumba yanatoka nje kwa tundu lile kwa sauti ya mtu anayekunywa supu.

"Nani aliyewaitikia hawa?" ukuta ukauliza.

"Mimi," nikasema.

"Hukuwa na nia mbaya."

"Sikuwa nayo."

"Basi sawa," ukuta ukasema, ukayeyuka. Nyumba nzima ikaenda. Nikabaki nimekaa kwenye kigoda kile kile, katikati ya kichochoro, na wale mabwana saba wanafuta viatu vyao na kuondoka.

Hapo hapo, katika ufa kati ya nyumba mbili, ufa ambao usingepitisha hata karatasi, akaanza kupita mwanamke. Kwanza ukatoka mkono, mkono ukavuta bega, bega likavuta kila kilichobaki. Alikuwa mweupe pe, mkubwa, na umbo lake halikutulia, kama ugali ambao bado haujaamua kuwa ugali. Alipokwisha kutoka akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, kiuno chenyewe kikitafuta mahali pa kukaa.

"Umewakaribisha," akasema.

"Walibisha hodi, dada."

"Usiniite dada. Nimetengenezwa jana kwenye mfupa wa paja lako."

"Basi mwanangu."

"Hapo umezidi." Akanitazama juu mpaka chini. "Mimi ni chembe nyeupe ya damu. Jina sina, kwa sababu naishi siku moja, na siku moja haitoshi kupewa jina watu wakalizoea. Kwa hiyo nikisema jambo usiniambie nirudie. Nina kazi."

"Wale mabwana ni nani?"

"Sumu."

"Mbona wana adabu?"

"Njoo," akasema.

Tukapinda kona, na kona yenyewe ikawa mlango wa darasa letu la kidato cha tatu, lile lenye dirisha lililozibwa kwa boksi la sabuni. Ubaoni kuna maandishi ya mwalimu wa baiolojia: *Sumu haiingii katika seli mpaka ipokewe na kipokezi.* Sentensi ile niliinakili zamani kwa kalamu mbili za rangi, nikaikariri, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata vema, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza inasema nini.

Chembe nyeupe akaupiga ubao kwa kiganja. Kiganja kikaganda ubaoni, akakibandua. "Hii ndiyo sheria ya humu. Haiingii mpaka ipokewe. Anabisha, anaitikiwa, anaingia. Asipoitikiwa, haingii."

Nyuma ya darasa bwana mmoja wa suti alinyoosha mkono. Sikuwa nimemwona. "Ni kweli kabisa," akasema. "Sisi si wahuni."

"Umekuja kufanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nilibisha. Mlinikaribisha."

Nikageuka kwa chembe nyeupe. Ameshikilia kichwa chake kwa mikono yote miwili, na kichwa kinachuruzika kati ya vidole. "Umemjibu tena?" akaniuliza.

"Alisema hodi kwa sauti ndogo, nikajibu bila kujua."

Darasa likaanza kuvuja. Tukatoka mbio.

Nje, jambo likanijia, na kwa kuwa mimi ni msomi wa kidato cha nne nikalitamka kwa sauti ya msomi. "Dawa ni rahisi. Tupite nyumba kwa nyumba tuwaambie wakazi wasiitikie."

"Jaribu," akasema chembe nyeupe. Akanifuata nyuma kama mtu anayekwenda kutazama mpira ambao matokeo yake anayajua.

Nyumba ya kwanza palikuwa na mama anafagia kizingiti. Alikuwa seli ya ngozi, ya kawaida tu, amejifunga kanga kifuani. Nikampa salamu, akaitika, akaniuliza habari za nyumbani, habari za shangazi, habari za sambusa, nami nikajibu zote, ndipo nikamweleza: wakija mabwana wa suti wakabisha, wewe nyamaza.

Akasimamisha fagio. "Ninyamaze?"

"Ndiyo, mama."

"Mgeni yuko mlangoni mwangu, kasema hodi kwa mdomo wake, mimi nipo, nimekaa, nimnyamazie kama gogo?"

"Ni sumu, mama."

"Na mgeni akiwa sumu ndiyo adabu yangu ife? Wewe kijana kakulea nani?"

"Shangazi Mize."

"Na sisi wote humu katulea nani? Tumekula chakula cha nani? Tumesikia maneno ya nani tangu ukiwa mdogo, kwa masikio hayo hayo yako?" Akanigeuzia mgongo. "Nyamaza, anasema. Kesho ataniambia nisirudishe sahani."

Nje ya uzio wake sauti laini ikasema, "Hodi."

"Karibu, mgeni, pita ndani," akasema mama yule, kwa uchangamfu wa kunionesha mimi. Nikafumba macho. Nilipofumbua palikuwa na fagio tu, limesimama lenyewe, na mabwana saba wanafunga miavuli.

"Sasa umeona," chembe nyeupe akasema. "Hawa ni wako. Huwezi kumfunza mtu ukorofi kwa mchana mmoja."

Nyuma yetu mtaa ulikuwa unageuka mwekundu. Haukugeuka wote kwa mkupuo: nyumba moja, kisha jirani yake, kama taa zinavyowashwa jioni. Nasi tunarudi kinyumenyume, na wekundu unatufuata kwa hatua za mtu asiye na haraka, mpaka mgongo wangu ukagota kwenye kitu baridi. Nikageuka. Ukuta wa bluu, mrefu kama nyumba, unanuka wino. Ulikuwa mstari wa Daktari Mhando.

Upande wa pili wa ukuta, juu ya benchi la zahanati, kilikaa Kisu. Kimeweka mguu juu ya mguu, kinasoma gazeti.

"Bado?" Kisu kikauliza, bila kuinua macho.

"Bado," nikajibu.

"Sina haraka. Nimeambiwa wekundu ukifika hapa, ndiyo zamu yangu."

"Wewe utabisha hodi?"

Kisu kikafikiri. "Hapana," kikasema, "mimi huwa sibishi." Kikageuza ukurasa.

Nikaona kesho yangu yote kama sinia: shangazi amekaa mbele ya manda za kukunjia zilizokatwa, anakunja peke yake, anakaanga peke yake, na mimi nimekaa pembeni na mkono wa vidole vinne nawasimulia wateja habari za mwiba. Kwa kusimulia siwezi kushindwa. Lakini sambusa hazikunjwi kwa mdomo.

"Fanya jambo," nikamwambia chembe nyeupe.

"Nilikuwa nangoja uishiwe na maarifa," akasema. "Watu wenye maarifa wananichelewesha."

Akajishika ubavuni, akavuta kipande cha ngozi yake mwenyewe. Ngozi ikaja kama unga uliokandwa vizuri. Akaijaza hewa, akaikunja, akabana pembe, na kile kipande kikakatika kwake kikawa kifuko kinachoelea, kikubwa kama sambusa ya harusini. Na kwenye kifuko, nitaapa mbele ya yeyote, palikuwa na mlango. Mlango kamili, wa mbao, una kitasa. Nyumba hapana. Mlango tu na kifuko nyuma yake.

"Hiki nini?"

"Mtego. Ule mlango ni ule ule walio nao majirani zako. Bwana wa suti hatazami nyumba, anatazama mlango. Aingie humu, ashikane mikono na wenzake, watoboe. Watoboe nini? Hakuna mtu ndani."

Akavuta kingine, na kingine, akivitupa vikaelea vichochoroni. Muda si muda mtaa ukajaa milango inayoning'inia hewani. Kilikuwa kitu kizuri kutazama. Bwana wa suti wa kwanza akakifikia kimoja, akakohoa kidogo, akasema, "Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyemkosa rafiki nyumbani, akaendelea mpaka nyumba ya pili, ya watu kweli. Kule akaambiwa karibu kabla hajamaliza neno.

Chembe nyeupe akaacha kuvuta ngozi. Kwa mara ya kwanza niliona uso wake umetulia mahali pamoja.

"Havina sauti," akasema.

"Hukuvitia sauti?"

"Naishi siku moja, Mbaruku. Sauti nitaitoa wapi?"

Nikasema basi nami nikunje, tuvifanye vingi, vizibe njia kabisa, watu wasipite. Nikashika kipande cha ngozi alichonipa. Mikono inajua yenyewe: mkono wa kushoto unashika, wa kulia unaingia, gumba linafungua mfuko. Gumba hakuna. Mfuko ukafumba. Nikajaribu kwa kidole cha shahada, ukapinda. Nikajaribu kwa meno, ukapasuka, hewa ikatoka ikanipulizia usoni. Juu ya ukuta wa bluu Kisu kilikuwa kimeshusha gazeti, kinavitazama vidole vyangu vinne. Kilivitazama tu, kisha kikarudi kwenye habari za michezo.

Nikakaa chini. Nilitaka kulia, lakini ndani ya kidole chenye uvimbe si mahali pa kuongeza maji.

"Inuka," akasema chembe nyeupe.

"Mimi sijui kufanya kitu chochote hapa. Tangu nimeingia nimefanya jambo moja tu, nalo limebomoa nyumba."

"Jambo gani?"

"Kuitikia hodi."

Akanitazama. Nikamtazama. Mahali fulani mtwanga kinu akakosa pigo moja, kisha akaendelea.

"Mimi nakunja," akasema taratibu. "Wewe itikia."

Nasimama katikati ya mtaa, kwenye kigoda changu. Bwana wa suti anakifikia kifuko cha karibu. Anakohoa.

"Hodi."

"Karibu," nasema, kabla majirani hawajafumbua mdomo.

Bwana anageuka kwenye kifuko. Anashika kitasa. Anaingia. Wenzake wanamfuata mmoja mmoja, wanafunga mlango nyuma yao kwa adabu. Kifuko kinatikisika. Nasikia wanashikana mikono. Kisha nasikia mazungumzo.

"Tumetoboa?"

"Tumetoboa."

"Tumetoboa nini?"

"Sijui. Sogea kidogo, mwavuli wako unanichoma."

"Tutoke basi."

"Kwa wapi? Tumekwama mlangoni."

Chembe nyeupe hacheki, kazi imemzidi, lakini anavuta ngozi upesi zaidi. Vifuko vinatoka ubavuni mwake kama sambusa mwezi wa Ramadhani. Mabwana wa suti wanakuja makundi kwa makundi, na mimi nawaitikia wote. Mwanzoni nasema karibu kavu. Kisha naona kuna wanaositasita, wanaangalia nyumba za kweli, ambazo zina mapazia na harufu ya vitunguu. Nachukua sauti ya shangazi Mize, ile anayoitumia wajumbe wa posa wakifika.

"Karibuni, karibuni jamani. Mbona mnasimama juani? Piteni, mahali pakubwa. Chai iko mekoni. Sambusa zinatoka sasa hivi, za nyama zipo, za samaki zipo. Mzee, hapo kizingiti kimepanda, angalia mguu. Na wale mliowaacha nyuma waiteni, chakula ni kwa wote."

Hakuna sumu inayoweza kuhimili ukarimu wa namna ile. Wanaingia wanasukumana. Wengine wanavua kofia.

Katikati ya shughuli ile wakapita vijana wawili wenye jezi nusu nyekundu nusu manjano, wamevaa kama wachezaji wa akiba. Vilikuwa vidonge vya Daktari Mhando. Walikuwa wanauliza njia kwa kila mtu.

"Tunamtafuta Zabibu," akasema mmoja.

"Zabibu ndiye nani?"

Chembe nyeupe akajibu kwa niaba yao. "Ndiye anayewatuma hawa wa suti. Amekaa pale mwiba ulipoingilia, yeye na nduguze, wamejirundika kama shada la zabibu."

"Na hawa wa suti?" nikawauliza vijana. "Hamuwashughulikii?"

"Sisi kazi yetu Zabibu," akasema wa pili. "Sumu ikishatoka nje si yetu. Tukimmaliza yeye leo, waliokwisha kutumwa watabomoa tu."

Nikafurahi kidogo moyoni, nisifiche: kumbe kuitikia kwangu nako ni kazi. Chembe nyeupe akadondosha vifuko vidogo njiani, kimoja kimoja, vikakaa chini kama punje za mahindi, vikionesha njia ya kwenda kule. Vijana wakavifuata wameinama. Hawakutuaga, wachezaji wa akiba wakipewa nafasi hawanaga adabu.

Sasa nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Chembe nyeupe alikuwa amepungua. Alipotoka kwenye ule ufa alinizidi urefu na upana. Sasa ananifika kifuani. Kila kifuko kilikuwa yeye.

"Unajimaliza," nikamwambia.

"Nakunja."

"Pumzika basi."

"Nikipumzika nitafanya nini na muda uliobaki? Nitajenga?" Akavuta kipande kingine. Hiki hakukitia hewa. Alifungua kifua chake, akatoa humo vitu vyekundu vidogo, vikali, macho yangu yakawasha vilipopita.

"Pilipili?"

"Kama pilipili. Kwa wale wa zabibu. Kikifika kwao wakakigusa tu, ngozi zao zinaungua." Akabana pembe. Pembe moja haikushika. Nikakishika kile kifuko kwa viganja vyangu viwili, kama mtu anavyofunika ndege, nikakibana mpaka kikashika. Kiliniunguza, sikukiachia.

Kule mbele sauti moja nene ikasema, "Nendeni nyote." Alikuwa Zabibu. Hatukumwona, tuliona alichotuma: mabwana wa suti wakajaza kichochoro kutoka ukuta hadi ukuta, miavuli yao ikigongana, na wote wakasema kwa pamoja, "Hodi."

Nyumba zote za mtaa zikavuta pumzi kuitikia.

"Karibu," nikasema mimi kwanza. Nikaisema kwa kifua chote, kwa niaba ya kila mlango usio na nyumba. Ikaingia kwenye vifuko vyote, ikatokea upande wa pili, ikazunguka, karibu, karibu, karibu, na mimi sikunyamaza. Mabwana wakagawanyika mlango kwa mlango. Vitasa vikazunguka. Milango ikafunga. Mtaa ukajaa minong'ono ya watu wanaoulizana walichokitoboa.

Chembe nyeupe, sasa amebaki mdogo kama mtoto wa kutambaa, akakirusha kifuko cha pilipili. Kikaenda kikipepesuka juu ya mapaa. Kisha kutoka kule penye mwiba nikasikia sauti nene ikikohoa, ikipiga chafya, na zile sauti mbili za vijana wa jezi zikisema, "Huyu hapa."

Wekundu ulikuwa umefika hatua moja kabla ya ukuta wa wino. Ukasimama. Ukajishika kiuno. Ukatazama nyuma, kama mtu aliyesahau kilichomleta, ukaanza kurudi nyumba kwa nyumba.

Kisu kikakunja gazeti. "Basi leo hapana," kikasema. Kikanyoosha mgongo. "Nitakwenda kumenya viazi." Kikaenda.

Nikainama kumtafuta chembe nyeupe. Alikuwa amelala pembeni ya kigoda, hana umbo tena. Na wenzake, ambao sikujua kuwa walikuwepo, wamelala vichochoro vyote, weupe, wametulia.

"Niwazike wapi?" nikamwuliza.

"Usituzike. Tutatoka wote pamoja, kwa mlango wa mbele. Mkituona mtasema ni usaha, mtatufuta kwa pamba." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja kituo anachoshukia. "Wewe endelea kuitikia. Kuna waliobaki njiani."

"Mpaka lini?"

Siku yake ilikuwa imekwisha. Nikakaa kwenye kigoda, karibu na alipolala, nikaitikia. Karibu. Karibu. Piteni, chai ipo.

Nikaamka. Jua limeingia dirishani, shangazi Mize amekaa ukingoni mwa kitanda na beseni la maji ya chumvi, anafungua bendeji. Bendeji ilikuwa imelowa. Usaha ulikuwa umetoka wenyewe, mwingi, mweupe, na nilipouona nikataka kusema pole, nikajizuia. Kidole kilikuwa kimesinyaa, ngozi ina mikunjo kama ya mtu aliyefua mchana kutwa. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma mbali na wino, umebaki kama sarafu pale mwiba ulipoingilia. Shangazi akakikunja kidole, akakikunjua. Kikakunjika. Hakikuuma.

"Hakipasuliwi kitu," akasema. Akavuta pumzi ndefu, akaendelea kufuta taratibu kwa pamba. Kisha, bila kuniangalia: "Ulikuwa na nani humu?"

"Peke yangu, shangazi."

"Nimekuja kukutazama. Nikabisha, nikaambiwa karibu. Nimeingia, wewe umelala, mdomo umefumba. Nikatoka, nikabisha tena. Karibu, pita, chai ipo. Naingia, umefumba vile vile. Nikasema huyu ananifanyia mzaha wake, ngoja nimshike. Nikakaa hapa hapa ulipo mdomo wako, nikatega sikio."

"Ukasikia nini?"

Akabana pamba safi juu ya kidonda, akazungushia bendeji mpya, akaifunga fundo dogo.

"Ilikuwa inatoka humu," akasema, akionesha kidole gumba kwa kidevu. Akachukua beseni lake, akasimama. "Tena kinakaribisha vizuri kuliko wewe."